Matumba Saba ya Vanila

Jumatatu, 2 Desemba 2024

Mtihani wa mwisho ulikuwa Ijumaa. Nilidhani nitalala siku tatu mfululizo. Wapi! Leo Bibi amenikabidhi vanila yake.

Kesho anakwenda Moshi kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza. Mama anamsindikiza. Watafikia kwa binamu ya Bibi mpaka daktari aseme basi, rudini. Hapa Lemara tutabaki wawili tu, mimi na Mjomba Shamsudin.

Bibi alinishika bega tukaenda nyuma ya nyumba. Uso wa mtu haoni vizuri, lakini njia ya kwenda kwenye ule mgrevilea anaijua kwa nyayo. Vanila imeupanda mti mpaka juu ya kichwa changu, halafu Bibi akaikunja irudi chini. Alirudi nayo kutoka Unguja ikiwa kipande cha urefu wa mkono, kimeviringishwa kwenye kanga iliyolowa. Miaka saba. Haijawahi kutoa tunda hata moja.

Na sasa ina matumba. Saba! Vichala viwili, kimoja kina manne, kingine matatu. Bibi aliyahesabu kwa vidole, taratibu, kama anagusa macho ya mtoto aliyelala.

Akanielekeza tena. Kila ua huchanua mara moja, asubuhi, na mchana limeshajifunga. Huku kwetu hakuna mdudu wa kulifanyia kazi, kwa hiyo ni mkono wa mtu. Njiti ya chelewa iliyochongwa. Chana mdomo wa ua, inua kile kiulimi cha katikati, bonyeza chavua kwa kidole gumba. Basi. Likishika litanyauka lakini halitadondoka. Lisiposhika, siku mbili tatu liko chini.

Kisha masharti. Uvue kandambili. Unawe mikono, bila sabuni. Useme Bismillahi. Na usiingie ukiwa sikuni, zile siku zako za mwezi.

Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, kwa sababu Mjomba alikuwa anafunga baiskeli pale ukutani.

Nikasema, ndiyo Bibi. 

Wakati wa chai Mjomba akamwambia Bibi, "Mama, hiyo kamba yako nimeivumilia sana. Tarehe kumi na nne jamaa wa chenso anakuja kukata. Mti ule ni kenchi nzima ya paa la vyumba viwili."

"Na ikishika tunda?"

"Ikishika hata moja, mti haukatwi, na mimi mwenyewe nitakuwa naimwagilia. Na kuiimbia!"

Alicheka peke yake.

Jumanne, 3 Desemba

Wameondoka alfajiri. Bibi alivaa baibui lake jipya, kama anakwenda harusini. Akaniambia, "Rukaiya, nikirudi nataka kitu cha kwanza kukiona kiwe tunda langu. Siyo sura ya mjomba wako."

Mjomba akasema, "Asante, Mama."

Nimebaki na nyumba. Kimya. Nimekwenda kuangalia matumba mara tisa.

Kuna jambo sijawahi kuliandika popote. Nitaliandika hapa kisha nilikunje hili karatasi.

Mwaka jana vanila ilitoa matumba kwa mara ya kwanza. Matano. Ilikuwa zamu yangu kumwagilia na nilikuwa sikuni, na nikaona haya kumwambia mtu, nikaingia nikamwagilia. Siku ya tatu matumba yote yalikuwa chini. Yamekuwa ya njano. Bibi aliokota moja moja akauliza, nani kaingia? Nikanyamaza. Mama akanitazama kidogo, halafu akasema labda ni yeye, hakuhesabu vizuri siku zake. Bibi hakusema naye kwa juma zima.

Najua tulivyosoma kwenye Biolojia. Najua kabisa. Mwalimu alisema hizo ni imani tu. Nikajaza jibu nikapata vema. Lakini matumba yalidondoka.

Alhamisi, 5 Desemba

Mama amepiga simu. Operesheni ilikuwa jana, imekwenda salama, Bibi amefungwa jicho na analalamika chai ya Moshi haina tangawizi. Alhamdulillahi.

Nanyori amekuja. Ndiye rafiki niliyenaye, tulikaa dawati moja tangu Kidato cha Pili. Shangazi yake wa Makumira ana vanila nyingi, na likizo ya mwaka jana Nanyori alichavusha mpaka shingo ikamuuma. Alinionyesha kwa kutumia ua moja la uani. Sijui jina lake — mradi ua. Nikalirarua. Akaniambia nipumue kwanza, mbona nashika kama nashika nyoka.

Tumba kubwa la chini limenenepa na limepauka ncha. Nanyori anasema kesho.

Ijumaa, 6 Desemba

Limechanua.

Saa kumi na mbili nilikuwa pale na tochi ya simu. Rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, kama maji ya tango. Halina makuu. Nilidhani litakuwa jekundu! Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani na kila jani linadondosha tone.

Nikavua kandambili. Nikanawa. Bismillahi. Nikachukua njiti.

Mkono ulianza kutetemeka kabla sijagusa. Nikausubiri uache. Haukuacha. Nikaushika kwa mkono mwingine, sasa ikawa inatetemeka yote miwili. Nikachana mdomo, nikaona kile kiulimi, nikainua — na ua zima likakatika. Tk. Likabaki mkononi mwangu.

Nilikaa chini kwenye tope.

Mjomba alitoka na mswaki mdomoni. "Limekufa?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Moja bila," akasema. Kisha akaona nalia, akatema povu, akasema, "Haya, haya. Si yapo sita?"

Mjomba si mbaya. Ndiyo maana namwogopa zaidi — angekuwa mbaya ningeweza kumchukia, nikapumzika.

Jumapili, 8 Desemba

La pili limechanua leo. Nilikula kipande cha mkate kwanza, Nanyori alisema njaa ndiyo inayotetemesha. Sijui kama ni kweli. Lakini mkono ulitulia kiasi. Nikachana, nikainua, nikabonyeza. Chavua ilikuwa kama nta laini, iligandamana. Likabaki kwenye kichala!

Niliruka. Peke yangu, miguu mitupu, kama kichaa.

Kwenye simu nilimwambia Bibi. Akasema, "Ulinawa?" Ndiyo. "Bila sabuni?" Ndiyo. "Na uko safi?" Ndiyo Bibi. Ilikuwa kweli. Niliweza kusema haraka kwa sababu ilikuwa kweli.

Kisha akaniambia, kama mtu anayekumbuka tu, habari ya mtambuu wake wa Muheza. Naijua hii habari. Mama akiwa na miaka kumi na tano, walipokuwa wakiishi huko, alichuma majani ya tambuu akiwa sikuni, akaja akasema mwenyewe. Mtambuu ulikuwa mzima, majani mapana. Bibi akaung'oa siku ileile akautupa ng'ambo ya barabara. Alikuwa analia huku anang'oa, lakini aling'oa. Kilichoguswa hakikai nyumbani, anasema. Hata kikipendeza.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, mtaa mzima uko nyumbani.

Zimeanza.

Siku tano kabla. Nimehesabu mara mbili, nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani, nimehesabu kwa vidole. Hazikupaswa kuanza mpaka Jumamosi. Labda ni mitihani. Labda ni hofu. Hofu inaweza kuleta jambo unaloliogopa?

Tumba la tatu linachanua kesho. Ncha imepauka.

Sijaikaribia. Nimemwagilia kwa mbali, nimerusha maji kwa kopo nikiwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni. Mjomba aliniona. "Unafukuza kuku?"

Siwezi kumwambia. Ningekufa. Nimetuma ujumbe kwa Nanyori: njoo kesho mapema, saa kumi na mbili, tafadhali, usiulize. Amejibu sawa na kakichwa kanakocheka.

Jumanne, 10 Desemba

Nanyori amefika saa tano na nusu.

Mama yake alimtuma kwanza kupeleka maziwa Themi, halafu mvua, halafu simu haina chaji. Alikuja anakimbia, sketi imelowa mpaka kiunoni, pole Rukaiya, pole sana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni tangu alfajiri. Nililiona linavyochanua. Nililiona linavyojifunga. Hatua kumi na mbili kutoka niliposimama. Nimezihesabu baadaye.

Nikamwambia sababu. Nilimnong'oneza na bado nikaona haya.

Hakucheka. Akasema, "Koko yangu naye alikuwa hivyohivyo, kwenye maboga. Ukiwa hivyo hukatizi shamba lake hata kama choo kiko ng'ambo." Koko ni bibi yake, yule aliyekuwa akiishi juu karibu na msitu.

"Na maboga yakawaje?"

"Tulikatiza sana. Yeye alikuwa haoni mbali." Akafikiri. "Yalizaa tu. Lakini mengine yalioza pia. Maboga ni maboga."

Kesho hawezi kuja. Wanakwenda mlimani kwa babu yake, wote, mpaka Krismasi.

Na jioni nimeona kitu kingine. Lile la Jumapili limedondoka. Lile nililolishika nikiwa safi, nimenawa, nimesema kila kitu. Liko chini kwenye majani makavu, limenyong'onyea, kama kidole cha glavu.

Yamebaki manne. Kesho yanachanua mawili kwa pamoja, moja kila kichala.

Jumatano, 11 Desemba

Nimeingia.

Sijui niandikeje. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Saa kumi na moja na nusu nilikuwa macho. Nikajiambia siendi. Nikafagia uani. Nikawasha jiko. Nikafagia tena palepale. Yakachanua yote mawili, nikayaona kutoka mlangoni, na jua lilikuwa linatokea, mlima ukiwa wazi mpaka kileleni, jambo ambalo halitokei siku hizi za mvua.

Mjomba alitoka akasimama karibu yangu na kikombe chake. "Leo hushiki maua?"

Nikaokota ufagio.

"Sikiliza. Nimeshampa jamaa neno langu. Anakuja Jumamosi na mashine yake. Mimi siyo mchawi, Rukaiya. Kama kuna tunda, hata kama ni kama njiti ya kiberiti, namrudisha. Kama hakuna, hakuna." Kisha akaangalia vidole vyake. Vina grisi ya gereji iliyoingia mpaka kwenye mistari, haitoki tena. "Ningejaribu mimi. Lakini haya madude yangu yatalivunja."

Akainua kidole gumba akanionyesha. Kweli, ni kipana kuliko ua.

Alipoondoka nilivua kandambili. Nikanawa mara tatu. Nilitaka kusema Bismillahi nikaona haya kuisema, halafu nikaona haya zaidi kutoisema, nikaisema kimoyomoyo.

Hatua kumi na mbili.

Kitu cha ajabu — mkono haukutetemeka. Nilikuwa naogopa sana kiasi kwamba mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine. Nikachana la kwanza, nikainua, nikabonyeza. Nikachana la pili. Dakika moja, labda mbili. Kisha nikarudi nyuma kinyumenyume, kama mtu anayetoka mbele ya mfalme, nikaingia chumbani nikajifunika shuka.

Sijala leo. Nasubiri kitu kitokee. Kuku walipopiga kelele mchana nikasema, tayari.

Alhamisi, 12 Desemba

Hakuna kilichotokea. Hilo ndilo linanitisha.

Yale mawili yamenyauka na yananing'inia. La sita limechanua, nalo nimelishika. Leo sikusubiri sana. Nimegundua kwamba mara ya pili mtu haogopi kitendo, anaogopa jinsi kilivyokuwa rahisi.

Mama amepiga simu. Wanarudi kesho mchana. Jicho limefunguliwa. Bibi anaona! Amesoma kibao cha duka kutoka ng'ambo ya barabara, herufi moja moja, mpaka watu wakamtazama. Mama alikuwa anacheka na sauti yake ilikuwa na machozi.

Nilifurahi. Wallahi nilifurahi. Halafu nikakumbuka.

Ijumaa, 13 Desemba

Asubuhi la jana lilikuwa chini. Yale mawili ya Jumatano hayajadondoka. Nimeyapuliza, yamecheza, hayakuachia. Na vile vishina vyake, pale nyuma ya ua, vimenenepa kidogo na ni vya kijani kabisa.

Wamefika saa nane. Bibi amevaa miwani myeusi mikubwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga. "Kumbe una doa hapa," akasema, akagusa shavu langu chini ya jicho. "Miaka yote hii sikuliona." Sikujua niangalie wapi. Bibi sasa anaona kila kitu.

Hakutaka chai. Akaenda moja kwa moja nyuma, bila kunishika bega. Sote tukamfuata, hata Mjomba. Akavua viatu. Daktari amemkataza kuinama, kwa hiyo Mjomba akavinyanyua vichala kwa kijiti, kimoja kimoja, mpaka usawa wa jicho lake.

Akatazama muda mrefu.

"Yameshika," akasema. "Mawili."

Mjomba akauliza, una uhakika Mama, mbona ni makavu? Bibi akamwambia aguse kwa ncha ya ukucha. Akagusa kama anagusa waya wa umeme. Halikuachia. Akanitazama, akatikisa kichwa, akatoa simu palepale. "Kaka, kesho usije. Hapana, siyo hela. Vanila ya mama imezaa. Va-ni-la. Nitakueleza."

Bibi alikuwa analia upande mmoja, kwenye lile jicho lisilopasuliwa. Mama akamwambia usilie, daktari kakataza. Akasema, "Nimekatazwa kuinama, sikukatazwa kulia." Akanishika mkono wangu wa kulia, huuhuu, akaubusu mbele ya watu. Akasema huu ni mkono msafi. Akasema tumba la saba linachanua kesho, tutalishika sote wawili, mkono juu ya mkono.

Nilitaka kusema pale. Mdomo ulifunguka. Nikaona Mama ananitazama, ananitazama kama mwaka jana, halafu akaangalia chini. Mama anajua. Sijui amejuaje. Labda alijua tangu mwaka jana.

Nikafunga mdomo.

Tumekula. Bibi ameongea mchana wote. Majani ameyaona yana mistari, chungu kina ufa, Mjomba ana mvi. Mjomba kaingia ndani kujiangalia kwenye kioo! Sote tumecheka. Mimi pia. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote, na mimi nilikuwa nachungulia jua linavyoshuka.

Kwa sababu nilisahau jambo moja. Niliwaza atakachouliza. Niliandaa na jibu: Bibi, lile nililolishika nikiwa safi ndilo lililodondoka, na haya ndiyo yaliyobaki, niambie basi. Nimelifanyia mazoezi tangu asubuhi. Lakini Bibi hatauliza. Hana haja ya kuuliza. Saa hizi Mjomba amekwenda msikitini, na mimi na Bibi husali Magharibi pamoja, chumbani kwake, tangu nina miaka saba. Maji ya udhu nimmiminie, kigoda chake nikiweke mbele, mkeka wangu nyuma yake kidogo. Aliye sikuni hasali, kwa hiyo nikikaa bila kusali atajua; mwaka jana nilisingizia homa, sasa ananiona usoni. Na Bibi anajua kuhesabu siku.

Nikisali hivi nilivyo, siyo Bibi tena ninayemdanganya.

Adhana imeanza. Amesema, "Rukaiya, katawadhe tusali."

Niko bafuni. Nimekalia ndoo iliyogeuzwa, daftari liko gotini. Nimefungua bomba ili asikie maji. Yanamwagika tu, yanapita katikati ya miguu yangu yanakwenda kwenye tundu. Nikitoka nimelowa mikono na uso, atanipisha mkekani na matunda yatabaki. Nikitoka mkavu, sijui. Aling'oa mtambuu huku analia.

Pale dirishani, juu ya ukuta, naiona ncha ya mgrevilea. Chini yake yapo mawili.

Anaita. "Rukaiya! Maji yote hayo ya nini, mwanangu? Unaoga?"

Mama anamwambia kitu, sisikii. Bibi anasema, "Basi mwache, namsubiri."

Nimefunga bomba.

Kimya. Nyumba nzima imesikia nilivyofunga. Mikono yangu ni mikavu, na nitatoka nayo hivihivi. Kigoda kinaburuzwa. Bibi anasema, taratibu, siyo kwa hasira, bado siyo kwa hasira, "Rukaiya, leo ni siku ya ngapi?"